Baba Kijacho wa Chumba cha Nyuma

Mimi sina mke, sina mtoto, na kwa mshahara huu sina hata mpango. Lakini mwezi wa pili sasa, nikitoka na ndoo yangu kwenda kuoga, wanawake wa nyumba nzima wananidaka uani: "Baba kijacho, mama kaamkaje?"

Chanzo ni bibi wa chumba cha mbele. Alinijia na paka kwapani na boksi la sabuni lenye khanga chakavu ndani. "Mjukuu wangu, nimepata msiba Tanga. Siku tatu tu, nishikie huyu." Bibi kizee, tena mfiwa, unamkatalia vipi? Nikajibu, "Hamna shida, bibi." Laiti ningejua, ningejibu kwa kukohoa.

Siku ya pili naona tumbo la mgeni limetuna. Minyoo hiyo, nikasema. Nikaenda duka la dawa za mifugo. Nilipomweleza muuzaji lile tumbo, na chuchu zilivyowiva, alicheka mpaka akashika kaunta. "Kaka, huyo ana mimba. Ya siku ngapi?"

Nitajuaje? Sikuwepo!

Akanipa somo: paka hubeba siku kama 63 hadi 65. Nisimpe maziwa ya ng'ombe, yatamharisha. Na hata alie vipi, nisithubutu kumpa parasetamo, kwake ni sumu. Niliingia kununua dawa ya minyoo, nikatoka nimehitimu ukunga.

Basi nikamnunulia dagaa. Fungu la elfu moja, dagaa wa Mwanza, hawa hawa ninaokula mimi na wazazi wangu walionilea. Akanusa, akanitazama, akakaa mbali na sahani. Jirani akasema mjaribu wa Kigoma. Akala mpaka akalamba sahani! Sasa jamani, paka aliyezaliwa uswahilini, dagaa wa ziwa lipi kamjulia wapi? Siku hizi yeye anakula Kigoma, mimi nakula mlenda.

Uchungu ulimshika saa nane usiku, na luku imeisha. Boksi la bibi hakulitaka hata kuliona. Alipanda kabatini, akajilaza juu ya suti yangu. Ninayo hiyo moja, ya harusini. Nikirudi kitandani analia. Nikisimama na tochi ya simu ananyamaza. Haya, nikasimama. Mtoto wa kwanza akatoka ndani ya kifuko chake, kama zile barafu za kwenye nailoni wanazouza watoto. Mama akakipasua, akamlamba mpaka akalia, akakata kitovu kwa meno, halafu kondo la nyuma akalila. Lote. Aliyehitaji kupepewa pale ni mimi.

Adhana ya alfajiri ilikuta wanne: mmoja mwekundu, wawili wa mistari, mmoja mweusi tii. Kikao kikakaa mlangoni kwangu. "Huyu mwekundu ni wa dume la muuza genge, kamtazame kichwa." "Na mweusi je?" Kimyaa. Nikarudi kwa mtu wangu wa dukani, akathibitisha kwamba mimba moja ya paka inaweza kuwa na baba zaidi ya mmoja. Nikanyamaza nayo. Mambo ya mgeni wangu sitaki yajadiliwe kwenye mabomba ya maji.

Nikadhani nimemaliza. Thubutu! Mzazi anakula mara mbili ya zamani, maana watoto wananyonya usiku kucha, kila mmoja ana chuchu yake kama viti vyenye namba. Anawalamba matako ndipo wapate kukojoa, na hapo namshukuru Mungu kwamba hiyo kazi hakuniachia. Siku ya sita nimeamka, kabati tupu! Nikapekua chumba kizima, mpaka ndani ya sufuria. Kumbe kawabeba kwa ngozi ya shingo, mmoja mmoja, kawahamishia kwenye begi langu la kazini. Unamwambiaje bosi? "Nimechelewa, begi linanyonyesha"?

Juzi yule mweusi akafumbua macho, na mtu wa kwanza kumwona duniani ni mimi nimevaa taulo. Alipiga kelele.

Na zile siku tatu za bibi? Nikampigia. "Shikamoo bibi. Paka wako amezaa."

"Marahaba. Anayezaa ni mbuzi, huyo amejifungua."

"Haya, amejifungua. Wanne. Unarudi lini?"

"Nasubiri arobaini, mjukuu wangu."

"Ya marehemu?"

Akakaa kimya kidogo. Nikasikia watu wanacheka nyuma yake, na sahani zinagongana, wala hapakuwa na dalili ya msiba.

"Ya mzazi. Mzazi hatolewi nje kabla ya arobaini. Na hao dagaa uwe unawatoa vichwa."