Itaendelea Kesho, na Binti Je?

Sehemu ya 14 ya ile simulizi inayozunguka kwenye magrupu ya hapa Tabora imeishia bafuni. Binti wa kidato cha tatu, mlango umekomewa, damu inachuruzika, halafu: "ITAENDELEA. Anayetaka mpaka mwisho atume buku." Hongera, mtunzi. Biashara imechangamka.

Sina ugomvi na kuandika habari za vijana wanaojidhuru. Wanaotaka hadithi hizi zipigwe marufuku wanadhani maumivu yameletwa na bando. Tena nakiri, shingo upande, kwamba mtunzi huyu kakipatia kimya cha nyumbani: sinia la ugali, baba na taarifa yake ya habari, hakuna anayemuuliza mtoto kitu.

Ugomvi wangu ni mahali pa kukata simulizi. Kila mtunzi wa simulizi anaijua kanuni: ikate wakati roho za watu ziko juu juu. Kwenye ujambazi na michepuko, kata tu. Lakini anayejidhuru mara nyingi hatafuti kufa. Anatafuta kushusha kitu kilichomjaa kifuani, au kuhisi chochote pale alipokufa ganzi. Inakuja nafuu fupi, kisha aibu, kisha siri, kisha mzigo ule ule unarudi mzito zaidi. Ukikata mwanzoni mwa mzunguko huo, umemuuzia msomaji nafuu peke yake. Aibu na hasara yote umeifungia nyuma ya buku. Na msomaji ni mtoto wa miaka 15 pale Isevya, yuko likizo, saa tano usiku, simu ya kaka yake chini ya neti. Labda ana hamu ile ile ya kujiumiza. Unamwacha bafuni na huyo binti mpaka kesho jioni!

Hamu hiyo hupanda kama wimbi, ikafika kileleni, ikashuka. Basi sehemu moja ibebe wimbi zima. Ianze na chanzo, tuseme matokeo ya mtihani au maneno ya baba kwenye simu, ipande, mtu agonge mlango, au binti mwenyewe atoke akakae chumbani kwa matroni, ishuke. Hapo ndipo ukate. Roho za wasomaji zining'inize kwingine: nani kaligundua lile sweta la kufichia mikono mwezi wa kumi, mwezi ambao hapa Tabora hata mbuzi wanagombania kivuli cha mwembe? Dada mkuu atasema? Atamwambia nani?

Na humo ndani ya wimbi, usitaje kifaa, usihesabu majeraha, usituchoree mwili. Anayepambana na hali hiyo huyasoma kama maelekezo, au kama mashindano. "Alijiumiza" inatosha. Netflix, pamoja na fedha zao zote, mwaka 2019 walirudi kukata tukio la kujiua kwenye tamthilia waliyoitoa 2017. Wewe una simu tu, kuhariri kunakushinda nini?

Halafu kijana wa sehemu ya 9 anabusu makovu na ugonjwa unakwisha. Jamani! Kupona kuna kurudi nyuma, tena zaidi ya mara moja. Na wavulana nao wamo, ingawa kwenye simulizi zetu utadhani hawana ngozi.

Polisi wa sehemu ya 12, wanaomfuata binti kwa kujijeruhi, nao wamekosewa. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinamshika anayejaribu kujiua, na binti wako hakujaribu kufa. Kilicho cha kweli ni hofu: familia inawaza PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, na maswali ya kituoni, inakaa na jeraha nyumbani. Hiyo hofu ndiyo sura ya kuandika. Au andika mama anayeona alama mkononi na kuuliza kwanza, "Nani kakuchanja chale?" Ukoo mzima unamsaka mganga ambaye hayupo, mtoto kanyamaza.

Matroni wako alimpeleka paredi, kisha akamwapisha hatarudia. Wapo wa hivyo, sawa, lakini tuonyeshe basi anayejua kazi. Anafunga jeraha bila kufoka. Anakaa. Anauliza wazi, "Mwanangu, unawaza kufa?" maana swali hilo halimpandikizii mtu wazo, na anayejidhuru leo bila nia ya kufa anaweza kufika huko baadaye. Haahidi kutunza siri. Anamwambia mapema nani ataambiwa: mwalimu wa unasihi, kisha afisa ustawi wa jamii.

Mwisho wa kila sehemu mtunzi ana nafasi ya namba yake ya M-Pesa, kwa herufi nene. Huduma ya Simu kwa Mtoto ni 116, tarakimu tatu, haikati salio. Itaenea hapo juu yake.