Mkulima akianza kutetemeka, muulizeni alikuwa anapuliza dawa gani

Hivi kuna mtu huku kwetu amewahi kumpeleka mzee anayetetemeka mkono zahanati, daktari akamuuliza, mzee shambani ulikuwa unapuliza dawa gani na kwa miaka mingapi? Mimi sijaona wala kusikia. Wanapima presha, wanapima sukari, wanauliza pombe, wanasema ni uzee huo, hakuna anayetaja Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo unaomfanya mtu atetemeke na kukakamaa, mnarudi nyumbani. Na hilo swali lisiloulizwa ndio linanikera kuliko yote, kwa sababu bila hilo hatutajua hata siku moja hizi dawa zinatufanya nini sisi wenyewe.

Wenzetu wamejuaje? Waliandika tu. Marekani, majimbo ya Iowa na North Carolina, tangu 1993 kuna utafiti unaofuatilia wapulizaji na wenza wao, makumi elfu ya watu, kila mmoja anaeleza ametumia dawa zipi. Mwaka 2011 likatoka jibu, waliotumia parakwati, ile ya kuunguza magugu, au rotenoni ya wadudu, uwezekano wao wa kuwa na Parkinson ulikuwa mara 2.5 ya wasiotumia. California nako tangu 1990 mkulima anatakiwa aripoti kila alichopuliza, wapi na lini, basi watafiti wakachukua hizo rekodi wakaziweka pamoja na ramani ya nyumba za wagonjwa, mwaka 2009 wakasema mtu anayekaa ndani ya mita 500 kutoka shamba linalopulizwa parakwati na manebu, dawa ya ukungu, hatari yake imepanda kwa asilimia 75. Yaani bomba hujalishika, unakaa tu kwako.

Na ilivyoanza hii habari inatisha. Mwaka 1982 hukohuko California vijana walijidunga heroini ya kutengeneza kienyeji, ndani ya siku chache wakakakamaa kama wazee, hawawezi kutembea, hawawezi kuongea. Daktari William Langston na wenzake wakafuatilia wakakuta ndani kulikuwa na kemikali inaitwa MPTP, ikifika kwenye ubongo inageuka kitu kingine kinachoua zile seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayousaidia ubongo kuongoza mwendo wa mwili, na seli hizo ndizo zinazokufa kwa mgonjwa wa Parkinson. Sasa hicho kitu ambacho MPTP inageuka kuwa, ukiangalia muundo wake, kinafanana sana na parakwati. Kuanzia hapo watu wakaanza kuangalia mashambani kwa jicho jingine.

Sisemi kila anayepuliza ataugua, hapana. Umri ndio unaongoza kwa hatari, na wapo wanaorithi kwenye ukoo, na wapo wagonjwa ambao hawajawahi kuona shamba. Syngenta, kampuni inayouza parakwati kwa jina la Gramoxone, inakataa kabisa kwamba parakwati inasababisha Parkinson, na kesi za wakulima Marekani ni maelfu. Sawa, wabishane mahakamani. Ila Ufaransa tangu 2012 mkulima aliyefanya kazi na viuatilifu akipata Parkinson anatambuliwa kwamba ameugua kwa sababu ya kazi na analipwa, na Umoja wa Ulaya mashamba yao hayapulizwi parakwati tangu 2007, huku kiwanda cha Huddersfield kule Uingereza kikaendelea miaka mingi kuitengeneza na kuiuza nchi za nje. Kama haifai kwa mkulima wa kwao, mkulima wa nje ana ngozi ya chuma?

Maana huku tunajua tunavyopuliza. Bomba la mgongoni linavuja kwenye kifuniko, shati limelowa mpaka mgongoni, mtu yuko peku, anapima dawa kwa kizibo, nozeli ikiziba anaizibua kwa mdomo, mchana anakula ugali kwa mikono ileile. Dukani anakupimia nusu lita kwenye chupa ya maji isiyo na lebo, kwa hiyo hata ukimuuliza ulitumia nini anakwambia ile nyeupe, ile inayonuka sana. Baba yangu mdogo amelima nyanya maisha yake yote na sasa mkono wa kulia unatetemeka akiwa amekaa tu, uso hautabasamu, anaburuta mguu, na majirani walishaamua amerogwa. Siwezi kusema ni dawa. Lakini hakuna karatasi hata moja duniani inayoonyesha alipuliza nini, na hakuna karatasi ya namna hiyo ya mkulima yeyote wa rika lake pale kijijini.

Na wagonjwa wapo, tusidanganyane. Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba kwenye eneo la watu kama 161,000, matokeo yakatoka 2008, wakapata wagonjwa 33 na wengi wao walikuwa hawajawahi kuambiwa kwamba wanaumwa Parkinson. Watu wanakaa miaka na ugonjwa wenye dawa, levodopa ipo, haiponyeshi lakini inamrudishia mtu mwendo na mikono, wao wako kwa mganga wa kienyeji.

Mimi nataka vitu viwili ambavyo havihitaji bajeti ya ajabu. Zahanati na hospitali za wilaya, kwenye faili la kila mtu anayetetemeka au kukakamaa, andikeni kazi yake, dawa alizopuliza na miaka. Na maduka ya pembejeo marufuku kupimia kwenye chupa, mtu aondoke na chupa yenye lebo na glavu, kwa sababu hao hao wa Iowa na North Carolina mwaka 2015 walionyesha kwamba uhusiano wa parakwati na Parkinson ulionekana kwa wale wasiotumia glavu. Glavu tu jamani.

Na wewe mwenye mzee nyumbani usisubiri zahanati. Kaa naye leo, muulize alianza kupuliza mwaka gani, zao gani, lebo ilikuwa na rangi gani kama jina halikumbuki, muulize kama anasikia harufu ya chakula, kama choo kinafunga, kama anarusha ngumi usingizini, maana hizo dalili huwa zinatangulia kutetemeka kwa miaka. Andika kwenye daftari na tarehe, nenda nalo kwa daktari, asipouliza mwekee mezani.