Zebaki Haina Kazi Jikoni

Kampeni nyingi za usalama wa zebaki kwa wachimbaji wadogo huanza na glavu. Glavu si mbaya, zivaliwe, ila tunahangaika na mkono wakati adui kaingilia puani. Zebaki hupenya kwenye ngozi kwa kiasi kidogo tu. Mvuke wake ndio balaa: karibu asilimia 80 ya unaouvuta hubaki mwilini. Hauna rangi wala harufu, kwa hiyo hakuna anayekohoa, hakuna anayekimbilia nje. Na ile barakoa ya kitambaa haiuzuii hata kidogo.

Angalia kazi inavyokwenda Rwamagasa, Nyarugusu na machimbo mengine ya Geita. Mawe yakishasagwa kwenye karasha, unga hupitishwa kwa maji mwaloni, yaani kwenye mfereji wa mteremko, juu ya magunia, na kilichonasa husuuzwa kwenye karai. Hapo humwagwa zebaki, mtu anaikanda mpaka imeze chembe za dhahabu, kisha anaikamua kwa kitambaa. Kinachobaki ni donge la kijivu, karibu nusu yake zebaki. Donge hilo huishia nyumbani, kwenye kopo juu ya jiko la mkaa, likichomwa mpaka ligeuke manjano. Ile nusu ya zebaki imeenda wapi? Imo kifuani mwa mchomaji na mwa mtoto aliyelala chumba cha pili. Iliyosalia imetua ukutani, kwenye godoro na kwenye sufuria ya ugali.

Tukiambiwa ni ujinga wa mchimbaji, mimi sikubali. Gramu moja mbili za dhahabu hazichomwi mbele ya macho ya watu usiowajua. Utaporwa, au watakuja wenye madai yao. Ukifunga mlango umefunga na maneno. Bango la onyo lisiloijua hofu hiyo ni rangi iliyopotea bure.

Baada ya miaka ya kuuvuta mvuke huo, mikono inaanza kutetemeka, usingizi unakata, mtu anasahau, anafoka ovyo. Majirani watasema ni pombe, au karogwa.

Dawa ya mvuke huo ni retoti: kikombe cha chuma chenye mfuniko unaobana, na bomba linaloteremka hadi kwenye chombo cha maji. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi. Mvuke ukipita kwenye bomba lililopozwa, hurudi kuwa zebaki, na sehemu kubwa unaipata tena. Fundi mzuri wa kuchomelea anaweza kuitengeneza. Ila ncha ya bomba isizame ndani sana, maana chuma kikipoa kinaweza kuvuta maji hadi kwenye kikombe chenye moto. Mfuniko usifunguliwe kabla haujapoa, na hata retoti kazi yake ni nje, upepo ukiwa mgongoni kwako.

Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliopitishwa 2013 na kuanza kutumika 2017, unataka uchomaji kwenye makazi ya watu ukomeshwe. Tanzania imeuridhia. Lakini nani atabisha hodi kila jiko usiku?

Mimi ningeanza na mnunuzi. Mara nyingi ndiye anayetoa zebaki kwa mkopo, kwa sharti kwamba dhahabu irudi kwake. Basi aweke retoti uani, nje kabisa, mwenye donge asimame kando akilitazama lake mpaka litoke. Mtaniambia ataiba. Wengine mizani zao zinaiba tangu zamani na bado tunapanga foleni. Angalau hapa wizi utafanyika mchana. Tena na yeye ana la kupoteza: dhahabu inayofika dukani bado ina mabaki ya zebaki, na akiichoma upya mle ndani anaivuta yeye mwenyewe, karani wake, na wapangaji wa chumba cha nyuma wasiouza wala kununua chochote.