Kidonge kilichosagika kwenye pochi

Kwa miaka miwili nilitembea na kidonge kimoja cha kutuliza hofu ndani ya pochi. Nilikikata kwa mkasi pamoja na kipande cha pakiti yake, nikakichomeka nyuma ya kitambulisho. Sikukimeza hata siku moja. Nilipokuja kubadilisha pochi nikakuta kimesagika, kimebaki unga mweupe kama chokaa ya ubaoni. Sijui kilisagika lini. Ninachojua ni kwamba muda wote huo niliingia kwenye mikutano na kupanda lifti nikiamini kuna kitu kinanilinda, kumbe nabeba vumbi.

Wenzangu wanaopatwa na mashambulizi ya hofu huniuliza swali lilelile: nitumie dawa za hospitali au za asili? Wanauliza kama mtu anayechagua timu ya kushabikia, na ukijibu upande mmoja, wa upande wa pili wanakununia. Kwangu mimi swali lenyewe limekaa upande. Kilichotoka kiwandani na kilichotoka shambani si mahasimu. Cha kujiuliza ni kama kitu unachotumia kinakutuliza kwa sasa hivi tu, au kinakuondolea ule woga wa kuingoja hofu irudi. Kwa kipimo hicho, kidonge changu cha kwenye pochi na kichupa cha mafuta ya mmea anachonusa rafiki yangu ni ndugu wa damu.

Niseme kwa nini. Shambulio linapoanza moyo unaenda mbio, kijasho chembamba kinakutoka, kifua kinabana, na una hakika kabisa kwamba unakata roho. Unapumua harakaharaka, unatoa kaboni dayoksaidi nyingi kuliko mwili unavyoitengeneza, ndiyo maana vidole na midomo vinaingia ganzi na kichwa kinakuwa chepesi. Ganzi ile inakutisha zaidi, unazidi kuhema. Lakini kwa kawaida hali hiyo hufika kileleni ndani ya dakika 10 hivi, kisha mwili unaanza kushuka wenyewe, umeza usimeze.

Sasa chukua mtu aliyemeza kitu dakika ya 5. Kidonge lazima kiyeyuke, kiingie kwenye damu, kifike kwenye ubongo. Mara nyingi kinafika mgeni ameshaondoka. Maji ya mizizi yaliyochemshwa nayo ni hivyohivyo. Ila dakika ya 20 mtu akishatulia, sifa zote zinakwenda kwa kile alichomeza, na kesho hatoki nyumbani bila nacho.

Simaanishi kwamba dawa ni mchezo wa kuigiza. Karibu na mwaka 1960 daktari Donald Klein wa New York aliwapa imipramini, dawa ya sonona, wagonjwa waliokuwa wakikimbilia kwa wauguzi kila mara wakisema wanakufa. Baada ya wiki kadhaa wagonjwa wenyewe walisema hawaoni nafuu. Wauguzi ndio waliogundua kwamba hakuna tena anayekuja mbio. Hadithi hiyo naipenda sana, kwa sababu nami sikuona nafuu yangu mpaka mtu mwingine aliponiambia.

Siku hizi wengi huanzishiwa dawa kama sertralini, nayo ni ya sonona na wasiwasi. Laiti ningeambiwa mapema kwamba haifanyi kazi siku ile unayoimeza. Inahitaji wiki kadhaa, na siku za mwanzo inaweza hata kuuongeza wasiwasi, ndiyo maana daktari makini huanza na dozi ndogo. Wangapi wameitupa wiki ya kwanza wakisema imewadhuru? Na kuiacha ghafla nako kuna adhabu yake: kizunguzungu, na vile vishindo kama shoti ya umeme kichwani. Hupunguzwa taratibu, kwa usimamizi wa daktari.

Kundi la dawa za kutuliza kama diazepamu na alprazolamu ni habari nyingine. Hizo zinatuliza kweli, na hapo ndipo penye mtego. Mwili unazizoea, unadai zaidi, na kuzikatisha ghafla baada ya matumizi ya muda mrefu kunaweza kuleta degedege. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliongeza ukali wa onyo lake kuhusu utegemezi wa dawa hizi. Kidonge changu cha kwenye pochi kilikuwa cha ukoo huo.

Tuje kwenye mitishamba, na hapa nitawaudhi baadhi ya marafiki. Neno “asili” si cheti cha usalama. Kava, mmea wa visiwa vya Pasifiki unaosifiwa kwa kutuliza wasiwasi, ulipigwa marufuku Ujerumani mwaka 2002 kwa sababu ya madhara ya ini. Mwaka 2014 mahakama ikaitengua marufuku hiyo, na ubishi haujaisha. Mmea uitwao Hypericum perforatum, ambao watu huutumia kwa huzuni na wasiwasi, una nguvu halisi, na ndiyo maana unaogopesha. Unalifanya ini liharakishe kuziondoa mwilini dawa nyingine, zikiwemo vidonge vya uzazi wa mpango, warfarini ya kuzuia damu kuganda na baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Ukichanganywa na sertralini, serotonini, kemikali ya kupeleka ujumbe kwenye ubongo, inaweza kupanda hadi kiwango cha hatari.

Kwa hiyo anayenitia hofu zaidi ni yule anayetumia vyote viwili kimyakimya. Na simlaumu yeye peke yake. Mimi niliwahi kumtajia daktari mmoja majani niliyokuwa nachemsha, akacheka, akaendelea kuandika. Tangu siku hiyo sikumwambia kitu. Angeniuliza tu jina la mmea na kiasi ninachokunywa, ningemwambia yote.

Ipo asili ninayoiamini. Mwaka 1998 watafiti wa Ujerumani waliwafuatilia watu 46 wenye tatizo hili kwa wiki 10: wengine walikimbia mara kwa mara, wengine walipewa klomipramini, ndugu wa imipramini, wengine vidonge bandia visivyo na dawa ndani. Kukimbia kulishinda vidonge bandia. Dawa ilishinda zaidi, tena mapema zaidi. Nayataja yote mawili kwa sababu kila upande huwa unanukuu nusu yake. Nyingine ni kahawa: kafeini inaweza kuliamsha shambulio kwa mtu mwenye tatizo hili, na kuipunguza hakuhitaji cheti cha daktari. Kabla ya yote hayo, pimwa. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, upungufu wa damu na mapigo ya moyo yasiyo sawa huweza kujifanya hofu. Na maumivu ya kifua usiyoyajua hayahitaji mjadala, nenda hospitali.

Kilichonisaidia mimi ni dawa kwa miezi kadhaa, ikinishika mkono wakati nafanya kitu cha kijinga. Mshauri wangu aliniketisha kwenye kiti cha ofisi chenye magurudumu, akaniambia nijizungushe dakika nzima huku akitazama saa. Kizunguzungu kikaja, moyo ukaanza ngoma yake. “Sasa usifanye chochote,” akasema. Siku nyingine nilipumua kwa mrija. Siku nyingine nilipanda ngazi mbio na kushuka, hadi msafishaji akauliza kama ninafukuzwa. Mantiki yake ni ileile aliyoieleza mwanasaikolojia David Clark mwaka 1986: moyo unadunda, unausoma mdundo kama kifo, hofu inazidi, mdundo unazidi. Kazi ya kile kiti ilikuwa kunifundisha kuusoma upya mdundo. Hakuna kidonge wala jani lililowahi kunifundisha hilo, ingawa bila dawa nisingekubali hata kukikalia.

Sasa situmii dawa. Tuliipunguza pamoja na daktari, nusu kwa nusu. Ukiniambia wewe umebaki nayo, sitakushangaa.

Mwezi uliopita hofu ilinijia tena ndani ya lifti. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye pochi, nikaurudisha, nikatazama saa. Dakika ya saba nilikuwa bado nimeegemea ukuta, watu wanaingia na kutoka. Nilipotulia nikagundua nimepitiliza ghorofa tatu, nikashuka kwa ngazi.