Mhadhiri na msako wa ruzuku: maombi yapi aandike, yapi aache

Vyuo vikuu vingi siku hizi humpima mhadhiri kwa fedha za utafiti alizoleta. Machapisho yanahesabiwa, ufundishaji unatajwa, lakini kamati ya kupandisha vyeo ikikaa, swali la ruzuku halikosi kuulizwa. Wanaoutetea utaratibu huu wana hoja nzito. Wanaoulalamikia nao wana takwimu.

Nianze na watetezi. Fedha zikigawiwa na wakubwa wa idara, kijana mwenye wazo jipya husubiri hisani ya profesa wake. Ruzuku ya ushindani humtoa katika utegemezi huo. Baraza la Utafiti la Ulaya, lililoanzishwa mwaka 2007, limekuwa likiwapa watafiti chipukizi hadi euro milioni 1.5 kwa miaka mitano, na mshindi akihamia chuo kingine anaweza kuhama na ruzuku yake. Mhadhiri mwenye haki hiyo huzungumza na mkuu wa kitivo kwa sauti nyingine kabisa. Tena, kuandika andiko la utafiti kuna faida yake: ukilazimika kueleza swali lako kwa kurasa chache mbele ya watu wasiokujua, utagundua mapema kama lina mashiko.

Gharama yake, hata hivyo, ni kubwa mno. Mwaka 2013 watafiti wa Australia walichapisha katika jarida la Nature hesabu ya maombi yaliyopelekwa kwa baraza la utafiti wa tiba la nchi hiyo mwaka uliotangulia. Kwa jumla yalikula muda wa takriban miaka 550 ya kazi. Andiko moja jipya lilimchukua mwombaji siku 38 za kazi kwa wastani, na karibu maombi manne kati ya matano yalikataliwa. La kuumiza zaidi ni kwamba kuongeza siku za kuandika hakukuonekana kuongeza nafasi ya kushinda. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2018 nao ulikuta kwamba wapitiaji waliosoma maombi yaleyale karibu hawakukubaliana kabisa juu ya ubora wake. Ndiyo maana wapo wafadhili walioamua kupiga kura ya bahati kati ya maombi yaliyokwisha kuvuka kiwango: New Zealand ilianza mwaka 2013 katika utafiti wa afya, na British Academy, taasisi ya wasomi ya Uingereza, ikafuata mwaka 2022 kwa ruzuku zake ndogo. Naiona kura hiyo kuwa ya haki kuliko kujidai kwamba alama ya 84 na ya 85 zinatofautiana.

Kwenye mstari huohuo wa kupata na kukosa ndipo penye somo kubwa kwa mhadhiri mmoja mmoja. Uholanzi, watafiti waliwafuatilia waombaji wa ruzuku ya vijana iitwayo Veni. Waliopita chupuchupu na waliokosa chupuchupu walikuwa karibu sawa kwa alama, lakini katika miaka minane iliyofuata waliopita walikusanya fedha za utafiti zaidi ya mara mbili ya wenzao. Mwenye nacho huongezewa, ndiyo. Ila sehemu ya pengo hilo ilitokana na waliokosa wenyewe kuacha kuomba. Marekani, uchambuzi wa mwaka 2019 kuhusu waombaji chipukizi wa Taasisi za Taifa za Afya ulileta sura nyingine: miongoni mwa waliokosa chupuchupu, wengi zaidi waliondoka kwenye uwanja huo, lakini waliobaki walikuja kutoa kazi zilizonukuliwa zaidi kuliko za washindi. Kuondoka kwa wadhaifu peke yake hakukutosha kueleza tofauti hiyo. Kwa hiyo barua ya kwanza ya kukataliwa ni hatari kuliko tunavyokiri vikaoni. Vipaji hupotea pale, kimyakimya, na hakuna ofisi inayowahesabu walioacha.

Hii haina maana kwamba mtu aombe kila kinachotangazwa. Wengi hukimbilia ruzuku kubwa kwa kuwa ndiyo inayosifiwa. Ruzuku kubwa huja na wasaidizi na vifaa, lakini pia ripoti, manunuzi na wakaguzi. Ufadhili wa mtafiti binafsi hununua muda wake tu. Ufadhili wa Guggenheim, ulioanza mwaka 1925, huwapa wasomi wa Marekani na Kanada fedha zisizo na masharti maalumu. Wakfu wa Humboldt wa Ujerumani hupokea maombi ya watafiti wa kigeni mwaka mzima. Mwanahistoria anayehitaji miezi sita na nyaraka atazidiwa na mradi wa mamilioni. Mbona basi ofisi za utafiti humsukuma huko? Kwa sababu ruzuku za taasisi mara nyingi hukiachia chuo asilimia ya gharama za uendeshaji, na ufadhili wa mtu binafsi kwa kawaida haukiachii kitu. Maslahi ya chuo na ya mhadhiri hapo hayalingani, na ni vizuri mhadhiri alijue hilo kabla hajaketi kuandika.

Ufadhili wa mtu binafsi nao una mtego wake. Mwingi humtaka mtu ahame, kama ule wa Umoja wa Ulaya uitwao Marie Skłodowska-Curie. Mwenye watoto wadogo au mgonjwa wa kuuguza hujiengua kabla hata ya kushindanishwa. Masharti yanayowaengua wengi kwa kawaida hukaa chini kabisa ya tangazo: miaka tangu shahada ya uzamivu, nani anaruhusiwa kuwa mtafiti mkuu, chuo kimoja kitume maombi mangapi, na nani atamlipa wa kukufundishia madarasa yako. Yasome hayo kwanza, kisha tazama orodha ya washindi waliopita. Usipoona hata mmoja anayefanana nawe kwa fani au hatua, siku hizo 38 zipeleke kwingine.

Chuo kinachoifanya ruzuku kuwa sharti la cheo kinapaswa kulipia msako wenyewe: kumpunguzia mwombaji vipindi, kumpa msomaji wa andiko, na kuyahesabu maombi yaliyofika juu yakakosa fedha. Umoja wa Ulaya tayari hutoa cheti kwa maombi ya Marie Skłodowska-Curie yaliyopata asilimia 85 au zaidi yakakosa nafasi. Cheti hicho kingeweza kuingia kwenye faili la kupandishwa cheo kwenye kikao kijacho cha kamati.