Nina Simone: piano ilimpoteza, au ilimpata kwenye baa?

Akitajwa Nina Simone, mwimbaji na mpiga piano wa Marekani, hadithi huwa ni ile ile. Binti Mweusi mwenye kipaji alitaka kupiga piano ya klasiki, chuo kikamfungia mlango kwa ajili ya rangi yake, akaishia kuimba jazi kwenye baa. Hadithi inaliza, ila imepika mambo mawili chungu kimoja: kwa nini alikataliwa, na kama kilichofuata kilikuwa hasara.

Alizaliwa Tryon, North Carolina, mwaka 1933, akiitwa Eunice Waymon. Tangu utotoni alifundishwa kupiga Bach, mtunzi Mjerumani wa muziki wa klasiki, na mwalimu Mzungu, Muriel Mazzanovich, na watu wa mji ule wakachanga fedha za kumsomesha. Mwaka 1950 alikwenda chuo cha muziki cha Juilliard, New York, kujinoa kwa ajili ya usaili wa chuo kingine cha muziki, Curtis, Philadelphia. Usaili ukafanyika mwaka 1951, hakuchukuliwa. Aliamini ni rangi, na imani hiyo hakuiacha. Wanaokitetea chuo nao hawakosi la kusema: Curtis hakitozi ada, nafasi zake ni za kugombania, na George Walker, mpiga piano na mtunzi Mweusi, alihitimu hapo hapo mwaka 1945. Mimi hoja ya Walker hainitoshi. Mlango kumpitisha mmoja hakuthibitishi kwamba ulikuwa wazi kwa wote. Na Simone mwenyewe alisimulia kwamba, kwenye onyesho lake la utotoni, wazazi wake waliondolewa viti vya mbele kuwapisha Wazungu, akagoma kupiga hadi warudishwe. Aliyeyaona hayo angali mtoto, utamwambiaje kwamba safari hii ni alama tu? Lakini kuapa kwamba ilikuwa rangi, siwezi.

La pili ndilo linalonivuta zaidi. Mwaka 1954 alipata kazi ya kupiga piano katika baa moja ya Atlantic City. Mwenye baa akamwambia aimbe pia, la sivyo kazi hana. Akaimba. Akajibandika jina jipya ili mama yake, mhubiri wa Kimethodisti, asijue bintiye anapiga muziki wa dunia. Kwa hiyo mchanganyiko uliompa umaarufu haukuanza kama falsafa ya sanaa. Ulianza kwa kutafuta kodi ya nyumba.

Sasa sikiliza "Love Me or Leave Me" katika albamu yake ya kwanza. Ni wimbo wa mapenzi wa kawaida kabisa, wa mtindo wa Broadway, yaani michezo ya jukwaani ya nyimbo ya New York. Unapofika kipande cha piano, ungetarajia mbwembwe za jazi. Badala yake mkono mmoja unatoa sauti nyembamba, mwingine unaidaka na kuijibu, zinafuatana na kupishana bila kugongana, huku ngoma na besi zikiendelea kuswingi kana kwamba hakuna kilichotokea. Ndio ufundi wa Bach wa kusuka sauti, kila moja na njia yake. Katika "Little Girl Blue" anapiga wimbo wa Krismasi wa "Good King Wenceslas" na papo hapo anaimba wimbo mwingine juu yake. Jaribu nyumbani uone.

Wapo watakaosema hayo ni manukato: tone la Bach kwenye wimbo wa dakika chache si sawa na kukaa jukwaani na sonata nzima, utungo mrefu wa klasiki. Ni kweli, na ukimtafuta Simone wa namna hiyo katika santuri zake hutampata. Kadiri miaka ilivyokwenda, sauti yake na nyimbo zake za kupigania haki ziliifunika mikono yake, na wengi wanaompenda leo hawajui kama alikuwa mpiga piano kwanza. Hata neno jazi lilimkera. Aliliona ni kibandiko cha Wazungu kwa kila anachopiga Mweusi, naye akataka wake uitwe muziki wa klasiki wa Weusi. (Kwetu Morogoro Jazz na Western Jazz walilivaa neno hilo kwa fahari, tena wakipiga dansi.)

Hata hivyo naegemea upande wa masikio. Manukato huyapaka juu ya kitu kilichokwisha. Bach wa Simone ukimtoa, kipande kile cha piano kinabaki mifupa. Tatizo ni kwamba mwenyewe hakufarijika hivyo. Curtis walimpa shahada ya heshima mwaka 2003, zikiwa zimebaki siku mbili afariki. Na alipopanda jukwaa la Carnegie Hall, ukumbi maarufu wa muziki wa New York, mwaka 1963, aliwaandikia wazazi wake kwamba hatimaye yupo pale, ila hapigi Bach.

Albamu iliyorekodiwa katika onyesho hilo inafunguliwa na "Black Swan". Ni wimbo kutoka opera ya Gian Carlo Menotti, aliyesoma Curtis, kisha akafundisha hapo hapo.