Niko Kaburini, Wao Wako Abidjan

Leo asubuhi bodaboda kanipitisha. Nimepanda Chuno, nashukia Soko Kuu, safari ya kuvuta pumzi mbili, yeye kanipeleka mbele huko kwa sababu shingo kaigeuza nyuma ananisimulia fainali ya Kombe la CAF ya mwaka 1993, Simba na Stella ya Abidjan. Kijana mwenyewe ndevu anazihesabu kwa kidole. Mwaka 1993 mama yake alikuwa anaruka kamba. Halafu ananisimulia kwa kunikosoa: "Mzee wangu, nyie mlijiamini sana mlipopata sare kule Abidjan." Nyie! Mtu angesikia angedhani nilicheza beki ya kulia. Nimeshuka, nimelipa, na nauli kaidai mpaka pale aliponipitisha. Nimerudi kwa miguu na jua la saa nne. Sikusema neno. Mimi ni mtu wa heshima zangu.

Lakini hapa Mtwara siku hizi hamna pa kukimbilia. Kinyozi anakuuliza kama Kagoma wa Simba alistahili ile kadi nyekundu au alionewa, na wembe uko kooni, utajibu nini? Karani wa ghala anapima korosho zako huku sikio liko kwenye simu, marudio ya mechi. Mke wangu juzi kaunguza kisamvu, nimeuliza kwa upole kabisa, kajibu, "Ndiyo mpira, mume wangu, dakika za nyongeza hizo." Huyo nilipomuoa hajui hata goli linakaa wapi. Nimekula.

Hayo yote nayavumilia. La makaburini ndilo lililonishinda.

Tumefiwa na mzee wetu wa mtaani, Mungu amrehemu, mtu wa watu, Simba wa damu. Mazishi baada ya swala ya alasiri. Utaratibu mnaujua: vijana wenye nguvu zao wote wamekimbilia kufunga maturubai, maana ndiko kwenye harufu ya wali, sisi wenye migongo ya kulalamika ndio tumepelekwa kuchimba. Nimekwenda na beleshi langu mwenyewe, jipya, mpini wa mninga. Tukapeana zamu: wawili shimoni, wengine juu, mkichoka mnapokewa. Na mchanga wetu huu mnaujua, ukitoa beleshi moja yanateremka mawili. Zamu yangu ilipofika shimo lilikuwa magotini. Mwenzangu akachimba kidogo, akasema anakwenda kunywa maji, wakampa mkono akapanda. Mpaka leo anakunywa.

Hapo ndipo mzee mmoja, bila nia mbaya, akajiketisha juu ya tuta la udongo, akashusha pumzi, akasema, "Masikini, kafa bila kuiona Simba inabeba kombe la Afrika."

Jamani. Ndiyo maneno ya kusema mbele ya watu walioshika mabeleshi?

Fundi baiskeli wetu ni Yanga, na kwa marehemu alikuwa mtani mara mbili, wa kabila na wa mpira. Akajibu papo hapo: "Na wewe utamfuata hujaiona. Chimbeni pana, mtoshe wote." Msibani mtani hakasirikiwi, ndiyo mila, hata akijilaza kaburini akatoza hela ndipo atoke. Basi moto ukawaka, na mimi ndiye niliyekuwa chini yake.

Wa kwanza kuingia uwanjani alikuwa Mjomba Redio. Jina hilo kalipata zamani, enzi ambazo mtaa mzima ulisikilizia mpira barazani kwake. Akaanza 1993 tangu mwanzo. Abidjan, Stella na Simba, 0-0. Nchi nzima ikaanza kupiga pasi nguo za sherehe. Marudiano Dar es Salaam, Rais Mwinyi mwenyewe yuko jukwaani. Yeye betri kazianika juani tangu asubuhi, mnakumbuka mambo yale ya kuanika betri, na baraza limejaa mpaka watoto wako juu ya mkorosho. Betri zikakata roho kabla bao la kwanza halijaingia.

"Sasa mimi nifanyeje?" akasema. "Nikapiga hesabu. Tuko nyumbani. Rais yupo. Kwao hatukufungwa. Nikachinja jogoo."

Wakala jogoo, wakaimba, wakalala mabingwa wa Afrika. Barabara ya Kusini ya wakati ule sina haja ya kuieleza, habari ilikuwa inakuja na lori, na lori nalo linakuja likijisikia. Dereva aliposhuka akawakuta bado wanapongezana. Akawaambia 2-0, kombe limeondoka na wageni.

"Kwa hiyo mimi," Mjomba Redio akaweka mkono kifuani, "nimekuwa bingwa wa Afrika siku tatu. Nani hapa amewahi?"

Nami kutoka huko chini nikasema, "Mjomba, naomba kupokewa."

"Subiri," akasema, "jogoo sijammaliza."

Fundi baiskeli hakukubali kuzidiwa huzuni. Yeye ya kwake ni ya 2023, fainali ya Kombe la Shirikisho na USM Alger, na ya kwake ina hesabu. Akaokota kijiti, akachuchumaa ukingoni kabisa mwa shimo, akaanza kuandika juu ya udongo ambao mimi nimeutoa kwa jasho. "Uwanjani kwa Mkapa, Dar, wao mbili, sisi moja. Kule Algiers tumewapiga moja bila, penalti ya Djuma Shaban, mapema kabisa, na Diarra huku nyuma kadaka penalti yao. Jumlisheni. Mbili, mbili. Nani kafungwa hapo?" Kila alipoandika mbili, mchanga ulinimiminikia shingoni. Mtu akakohoa, "Bao la ugenini lina uzito, fundi." Weee! "Bao la ugenini Ulaya walilifuta tangu 2021! Sisi huku ndiyo tumeliweka kama urithi!" Akafuta yote, akaandika upya. Nikafunikwa upya.

Kinachomuuma hasa ni ile ya Dar. Alikuwa kibanda umiza cha Magomeni. Dakika ya 82 Mayele anasawazisha, fundi kamrukia mtu aliyekuwa mbele yake, kamkumbatia, kafumba macho anashukuru. Dakika ya 84 yule Merili akafunga la pili. "Nilikuwa bado nimemkumbatia. Macho yamefumba. Nikausikia mwili wake unatikisika. Nikadhani analia kama mimi. Kumbe Simba yule! Anacheka! Ananipigapiga mgongoni, pole ndugu yangu, pole, na kicheko nakisikia kinatembea kifuani kwangu!"

Wazee wa Simba wakacheka mpaka mmoja akaachia fimbo yake, ikaniangukia. Mwingine akatia chumvi: "Si mliitwa Ikulu mkalishwa na Rais Samia? Lile lenu lilikuwa kombe la pilau." Fundi akasema heri aliyekula pilau kuliko aliyekula jogoo wa uongo.

Sasa hivi shimo limenifika kifuani. Nikasema tena zamu. Mzee wa Masasi akanyanyua mkono, nikadhani ananishika nipande. Alikuwa anaomba kuzungumza.

Huyu hoja yake ni ya ukoo. Anasema ule uwanja wa Dar umepewa jina la Mkapa, na Mkapa ni wa Lupaso, na Lupaso na kwao ni pua na mdomo. Kwa hiyo ile kauli ya "kwa Mkapa hatoki mtu" anaichukulia kama ahadi ya kifamilia. Mwaka 2025, fainali ya Shirikisho, Simba kafungwa 2-0 kule Berkane, yote mawili ndani ya robo saa ya kwanza, yeye hata usingizi haukumpaa, maana marudiano ni kwa ndugu yake. Mara fainali ikahamishiwa Amaan, Zanzibar. "Mutale dakika ya 17 keshafunga. Kagoma wakamtoa. Mukwala akafunga, wakaenda kuchungulia kwenye televisheni yao wakalikataa. Dakika za nyongeza Sidibé anasawazisha, basi, kwisha. Ingechezwa Dar, marehemu asingekubali."

"Marehemu yupi?" mtu akauliza.

"Mkapa!"

Fundi akamkumbusha kwamba 1993 Simba alifungwa Dar hiyo hiyo. Mzee akamtazama kwa huruma: "Ule ulikuwa uwanja wa zamani. Na Mkapa alikuwa hata urais hajaupata." Watu wakatikisa vichwa kwa kukubali, wameshapata fatwa.

Wakati wote huo, zamu ilikuwa ya yule bwana wa Ruangwa. Shati keshavua, mguu mmoja keshauteremsha shimoni, nikamshukuru Mungu. Kisha akakumbuka. Mguu akaurudisha. "Na sisi Namungo je? Mnasema Simba, Yanga, sisi hatukufungwa? Mwaka 2020, fainali ya Kombe la FA, Sumbawanga! Toka Ruangwa mpaka Sumbawanga, nchi yote tumeipasua, tumefika tumepigwa 2-1 na hao hao Simba. Nani alitupa pole?" Wakamwambia akae chini, hii ni mada ya Afrika. Akasema Afrika nako walikwenda: hatua ya makundi ya Shirikisho, mechi 6, pointi 0, na bao la kufunga 0. Hapo watu wakanyamaza. Hata fundi alikishusha kijiti. Hata mimi niliegemea beleshi kidogo. Kuna msiba, halafu kuna mechi 6 bila bao.

Nikaona huo ndio upenyo. "Jamani, nipokeeni!"

Fundi akainama, akanichungulia. "Hebu tumuulize huyu aliye ndani. Wewe ni timu gani?"

"Ndanda," nikasema.

Walivyocheka! Pale, makaburini, watu wazima na kofia zao.

Mimi ni mtu wa heshima zangu, lakini nilikuwa na mchanga mpaka ndani ya masikio. Nikawaambia: Ndanda haijawahi kufungwa fainali ya Afrika hata moja. Mmoja akasema kwa sababu haijawahi kufika. Nikasema ndiyo! Haijafika! Na 2020 hiyo hiyo imeshuka daraja, uwanja wake wa Nangwanda Sijaona uko palepale, mnapita nje yake mkienda sokoni, nani alianika hata betri moja? Mmeshikilia Stella! Mjukuu anarithishwa Stella! Huyo Stella anakujueni? Akipita hapa atanunua hata kilo ya korosho? Mnamlilia mtu wa Abidjan miaka yote hii, timu ya kwenu inakufa mnauliza Mayele kahamia wapi! Na sijamaliza! Mikono juu, povu mdomoni, nje ya shimo kinaonekana kichwa tu na beleshi.

Nikaona wale wa juu wamenyamaza. Nikasema safi, imewaingia. Nikageuka.

Jeneza limefika. Msafara wote umesimama, shehe mbele, unamtazama mtu anayefoka ndani ya kaburi. Mtoto mmoja akaanza kulia.

Shehe akauliza taratibu, "Huyo ndani ni nani?"

Mjomba Redio akajibu, "Ndanda, shehe."

Na mwanandani ulikuwa haujachongwa! Nilitolewa juujuu kwa makwapa, vijana wa maturubai wakaruka ndani, wakamaliza upesi, na hao ndio walioombewa dua ya kuchimba. Mimi nilisimama nyuma, nimetapakaa mchanga, watu wananipa pole wakidhani ni wa ukoo.

Tumezika, tumesoma dua, tumenawa. Beleshi langu halipo.

Nimeuliza mpaka nimechoka. Fundi kaliona kwa mzee wa Masasi, mzee wa Masasi kaliona kwa yule wa Ruangwa, wa Ruangwa anasema yeye hakushika beleshi siku ile, na hapo siwezi kumbishia. Sasa nasikia liko Mikindani, linachimba msingi wa nyumba ya mtu. Beleshi la msiba! Wala simwombi kodi, ninataka kuzibua mtaro tu kabla mvua hazijaja, maana mwaka jana maji yaliingia mpaka chini ya kitanda na mke wangu akanitazama mimi, si mvua. Kununua jingine sinunui. Hela ya korosho ya mnada uliopita sijaiona, kila nikienda naambiwa "inachakatwa." Inachakatwa na nani, si hela hiyo? Na salfa ya mikorosho nayo niliyodaiwa ikakatwa siku ile ile, hiyo haikuchakatwa.

Nimempigia huyo wa Mikindani. Kapokea vizuri, shikamoo nyingi. Anasema nilifuate Jumamosi, baada ya mechi. Mechi gani? Hainihusu. Anauliza nitalitambuaje, maana pale kuna mabeleshi mengi. Nimemwambia mpini wa mninga, una alama ya rangi nyekundu. Akacheka, "Kumbe na wewe ni Mnyama, Simba mwenzangu!"

Si Mnyama. Nilipaka mlango, rangi ikabaki.